Skuli Yetu, Skuli ya Kambini na Skuli ya Ulaya: Mwongozo Kamili wa Kujenga Ushirikiano Kutoka Pemba

Mwalimu wa Pemba anapotajiwa ushirikiano na skuli ya nje, picha ya kwanza inayomjia ni ya wageni wanaoshuka garini na makasha ya vitabu, wimbo wa kuwakaribisha, picha ya pamoja mbele ya bendera, kisha kimya cha miaka. Nimeshiriki mapokezi ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na sina la kuyalaumu isipokuwa kwamba hayakuwa ushirikiano. Mwongozo huu unahusu jambo jengine: skuli tatu zinazofundishana kwa mwaka mzima au zaidi, moja ya kisiwani kwetu, moja inayohudumia watoto wakimbizi, na moja ya Ulaya au kwengineko. Shauri langu, ambalo msomaji atalikuta katika kila hatua, ni kwamba skuli ya Pemba ianze na skuli ya wakimbizi, na ndipo hizo mbili ziikaribishe ya Ulaya. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa skuli ya Ulaya ndiyo yenye fedha na intaneti ya uhakika. Lakini anayetangulia ndiye anayechagua lugha, saa na mada, na anayefuata hukuta viti vimeshapangwa.

Kwa upande wetu tuna sababu ya pekee ya kuanza hivyo, nayo ni Kiswahili. Katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, wengi wa wakimbizi kutoka Kongo wametoka Kivu Kusini, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya nyumba nyingi, ingawa darasani watoto wao hufuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana nchini Kenya, iliyopo tangu mwaka 1992, hufuata mtaala wa Kenya, ambamo Kiswahili ni somo. Mtoto wa Konde, hapa kwetu Pemba, na mtoto wa Nyarugusu wanaweza kuzungumza bila mkalimani. Mtoto wa Konde na mtoto wa Ujerumani hawawezi. Ukianza na Ulaya, Kiingereza kitakuwa lugha ya kazi tangu siku ya kwanza, na watoto watakaozungumza ni wale watatu au wanne hodari wa darasa, wengine wakibaki kupiga makofi.

Hatua ya kwanza: makubaliano ndani ya skuli

Usiandike barua yoyote nje kabla hujapata walimu wawili, si mmoja, walio tayari kubeba kazi hii. Ushirikiano unaomtegemea mwalimu mmoja hufa siku anapohamishwa, na walimu huhamishwa. Mmoja awe wa Kiswahili au wa sayansi ya jamii, mwengine awe na saa kidogo za kufundisha, na mwalimu mkuu awatambue kwa maandishi kuwa ni waratibu. Chagueni darasa moja tu. Darasa la Tano linafaa kuliko Darasa la Sita, ambalo lina mtihani wa kumaliza msingi na halina nafasi ya mambo ya ziada.

Kisha lipelekeni jambo hili kwenye kamati ya skuli na kwenye mkutano wa wazee, na mumwarifu sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu. Wazee watauliza maswali matatu: je, watoto watasafirishwa, je, kuna fedha, na je, kuna mambo ya dini ndani yake. Yajibuni kabla hayajaulizwa. Kuhusu wakimbizi, hakuna haja ya hotuba ndefu. Pemba hamna haja ya kumweleza mzee maana ya kuvuka bahari usiku. Baada ya matukio ya Januari 2001, pale maandamano ya kisiasa yalipozimwa kwa nguvu, takriban watu 2,000 walikimbilia Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, na baadhi yao wakapelekwa hadi kambi za Dadaab. Wamo katika mkutano wenu ambao walikwenda, au ambao ndugu zao walikwenda. Msilifanye jambo hilo kuwa mada ya skuli, kwa sababu bado ni kidonda na lina siasa ndani yake, lakini mjue kwamba limo chumbani.

Hatua ya pili: ruhusa

Hapa ndipo subira inapohitajika kuliko bidii. Barua ya mwalimu mkuu huanza kwa Afisa Elimu wa Wilaya, hupitia ofisi ya wizara iliyopo Chake Chake, na ikibidi hufika Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Unguja. Iwe ya ukurasa mmoja. Itaje darasa, idadi ya wanafunzi, muda, kazi zitakazofanywa, na iseme wazi kwamba hakuna mtoto atakayesafiri na hakuna fedha inayoombwa. Sentensi hiyo ya mwisho hufupisha njia kwa wiki kadhaa, kwa kuwa barua nyingi zinazofika mezani huwa zimebeba ombi ndani yake.

Upande wa kambi una utaratibu wake. Wakimbizi ni jambo linalosimamiwa na Serikali ya Muungano, si ya Zanzibar. Kambi za Tanzania ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na hakuna mtu wa nje anayeingia kambini bila kibali. Ushirikiano wa barua na sauti hauhitaji kuingia kambini, lakini wenye mamlaka ya kambi lazima waufahamu na waukubali. Kwa Kenya, wahusika ni idara ya serikali inayohudumia wakimbizi. Kwa Uganda ni Ofisi ya Waziri Mkuu. Uganda ina hali yake: watoto wakimbizi wengi husoma pamoja na watoto wa wenyeji katika skuli za serikali, hivyo mnaweza kushirikiana na skuli ya kawaida ya kijiji ambayo nusu ya wanafunzi wake ni wakimbizi. Hilo lina faida ya urasimu mdogo, na hasara ya Kiswahili kuwa haba.

Hatua ya tatu: kuipata skuli ya kambini

Msiitafute kwa kupitia mtu binafsi aliyekuandikieni mtandaoni. Katika kila kambi yapo mashirika yaliyokabidhiwa elimu kwa makubaliano na serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Andikeni kwa ofisi ya UNHCR ya eneo hilo, mkiambatanisha barua ya ruhusa kutoka wizarani, na muulize ni shirika gani linalosimamia skuli za msingi na ni nani ofisa wake wa elimu. Mkishaunganishwa na mwalimu mkuu wa skuli ya kambini, muulizeni yeye mwenyewe kabla ya jambo jengine lolote: darasa lina watoto wangapi, wanatumia lugha gani, simu inayoweza kupokea sauti ni ya nani, umeme upo saa ngapi, na yeye angependa wanafunzi wake wapate nini katika kazi hii. Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa. Mwalimu wa kambini amezoea kuletewa mipango iliyokwishaandikwa na wengine. Akiulizwa, hunyamaza kidogo, kisha hutoa fikra bora kuliko zote mlizokuja nazo.

Msishangae mkiambiwa darasa moja lina wanafunzi zaidi ya mia. Chagueni pamoja kikundi cha watoto 20 hadi 30 kila upande, na muandae namna ya wengine kusikiliza.

Hatua ya nne: ulinzi wa watoto

Sehemu hii nimeiandika kwa urefu kwa makusudi, na mwalimu atakayeiruka asiendelee na hatua zinazofuata.

Mtoto mkimbizi si mtoto wa kawaida aliyehama nyumba. Huenda mzazi wake anatafutwa. Huenda jina lake la ukoo linatosha kumfanya mtu wa kundi jengine, ndani ya kambi hiyo hiyo, ajue yeye ni wa upande gani wa vita. Picha moja ya uso wake, ikiwa na jina la skuli na jina la kambi, inaweza kufika kwa mtu asiyestahili kuiona. Kwa hiyo kanuni ni hizi, na ziandikwe katika makubaliano: majina ya kwanza tu, au majina ambayo watoto wamejichagulia wenyewe; hakuna picha za nyuso za watoto wa kambini, bali mikono, michoro, daftari na vitu walivyotengeneza; hakuna kutaja kijiji walichotoka; na hakuna chochote kinachowekwa kwenye mitandao ya kijamii na upande wowote, hata kwa nia njema, hata na mgeni mheshimiwa.

Ridhaa iwe ya maandishi kutoka kwa mzazi au mlezi, kwa lugha anayoifahamu, na mtoto naye aulizwe. Watoto wengine kambini wapo bila wazazi. Kwa hao, shirika linalowatunza ndilo litakaloeleza nani ana haki ya kuridhia. Upande wetu pia una wajibu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na watoto wetu wanastahili kinga ile ile: tusiwe wepesi wa kupiga picha za watoto wa Micheweni waliovaa sare zilizochakaa na kuzipeleka Ulaya kama ushahidi wa shida.

Jambo la pili katika ulinzi ni maswali. Wafundisheni wanafunzi wenu, kabla ya mawasiliano ya kwanza, ni maswali gani hayaulizwi: kwa nini mlikimbia, baba yako yuko wapi, mtarudi lini kwenu. Mtoto wa Pemba ana adabu, lakini pia ana udadisi, na atauliza kama hakuelezwa. Njia niliyoiona inafaa ni kuwaambia wajaribu kuulizana wenyewe kwa wenyewe kila swali kabla ya kulipeleka, na wajisikie lipi linauma. Mtoto wa kambini akisimulia mwenyewe alikotoka, asikilizwe na ashukuriwe, wala hadithi yake isigeuzwe kuwa zoezi la kuandika insha.

Mawasiliano yote yapite kwa walimu. Simu ya mratibu ndiyo inayotuma na kupokea. Namba za watoto, hata wale wa sekondari wenye simu zao, hazibadilishwi.

Hatua ya tano: kazi ya kwanza iwe ndogo na iwe ya Kiswahili

Tulipojaribu mara ya kwanza kufanya mazungumzo ya video, dakika 40 zilipita katika kuulizana kama tunasikiana. Tangu hapo nashauri ujumbe wa sauti. Hauhitaji intaneti ya kasi, hautumii bando kubwa, unasikilizwa umeme ukirudi, na mtoto mwenye haya anaweza kujirekodi upya mara tano. Spika ndogo ya redio ikiunganishwa na simu, darasa zima linasikia.

Kazi ya kuanzia iwe vitendawili. Watoto wenu wanarekodi: «Kitendawili!», wanaacha nafasi ya upande wa pili kuitika «Tega!», kisha wanatega na kusubiri jibu hadi wiki inayofuata. Kusubiri huko ndiko kunakoleta uhai. Darasa hubishana jibu, hulazimika kukubaliana, na wakishindwa hutoa mji. Baada ya mwezi mmoja mtakuwa na daftari la vitendawili vya pande mbili, na mtagundua vingine ni vile vile vilivyovaa nguo nyengine.

Kutoka hapo nendeni kwenye maneno. Hapa pana utajiri ambao skuli nyingi hazijui kuwa wanao. Sisi tunasema skuli, Watanganyika na Wakenya husema shule. Darasa kwa Mkongo ni kalasi, neno lililotokana na Kifaransa. Maji kwake ni mayi. Kisamvu chetu yeye hukiita sombe. Watoto waandae kamusi ndogo ya safu tatu, wakiweka pia maneno ya Kipemba ambayo mwalimu huwa anawasahihisha darasani. Nimeona mtoto wa shamba aliyekuwa kimya mwaka mzima akawa mtaalamu wa darasa, kwa kuwa neno la bibi yake lilihitajika. Mwalimu wa Kiswahili sanifu awe na moyo mpana kwa muda huo, na asiite lahaja ya yeyote kuwa ni makosa.

Kazi ya tatu iwe ya sayansi. Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, ikapinduliwa mdomo na kuwekewa alama za milimita, ni kipimo cha mvua. Pemba ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba. Kigoma ina msimu mmoja mrefu unaoanza karibu na Novemba hadi Aprili. Kakuma ni nusu jangwa. Kila skuli inapima kila asubuhi na kutuma tarakimu mara moja kwa wiki. Grafu inayopatikana ni hesabu, ni jiografia, na ni jibu la swali ambalo watoto huuliza wenyewe: kwa nini kwao hakuna karafuu.

Tarehe mbili zinafaa kuwekwa katika kalenda mapema: Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Kama lazima mchague moja, mimi ningechagua ya pili, kwa kuwa siku hiyo watoto wa kambini wanashiriki kama wenye lugha, si kama wenye shida.

Hatua ya sita: kuikaribisha skuli ya Ulaya

Baada ya muhula mmoja wa kazi kama hiyo, mna kitu cha kuonesha. Sasa tafuteni skuli ya tatu. Njia ya kwanza ni mahusiano yaliyopo: Manispaa ya Mjini Zanzibar ina ushirikiano na mji wa Potsdam, Ujerumani, tangu mwaka 2017, na wizara au manispaa inaweza kukuonesheni mlango. Njia ya pili ni mtandao wa skuli shirikishi za UNESCO, ulioanzishwa mwaka 1953, ambao huingiwa kupitia Tume ya Taifa ya UNESCO. Njia ya tatu ni iEARN, mtandao wa walimu ulioanza mwaka 1988, unaounganisha madarasa kwa miradi. Walimu wa Ulaya watakutajieni eTwinning, mtandao wa skuli zinazoshirikiana. Hiyo ni ya nchi za Ulaya na jirani zake, Tanzania haimo, hivyo msipoteze siku kujiandikisha.

Barua ya mwaliko ieleze kazi ambayo tayari inaendelea na iwaombe wajiunge nayo. Wao watalazimika kujifunza kutega kitendawili kwa Kiswahili, hata kwa matamshi ya kuchekesha, na watoto wetu watacheka, na hakuna ubaya. Upande wa pili nasi tutumie Kiingereza kwa kazi moja au mbili, ambazo kwa Darasa la Tano ni mazoezi mazuri, kwa sababu sera yetu ya elimu ya mwaka 2006 iliweka hisabati na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa hilo.

Hapo ndipo iandikwe hati ya makubaliano ya skuli tatu. Kurasa mbili zinatosha: lengo, muda, kazi, waratibu wawili kila skuli, kanuni za ulinzi wa watoto kama zilivyo katika hatua ya nne, namna ya kumaliza, na kifungu kinachosema kwamba kila uamuzi unahitaji skuli zote tatu. Kifungu hicho kiwepo hata kama kitaonekana kuwa ni cha ugomvi. Bila hicho, skuli mbili zenye intaneti zitaamua mambo Jumanne, na ya tatu italetewa habari Ijumaa.

Saa na kalenda

Niliwahi kuwasubirisha wageni saa nzima sita kwa sababu niliandika «saa 4» nikimaanisha saa nne ya asubuhi, na wao wakasoma kama alfajiri ya giza. Andikeni muda wa kimataifa wenye tarakimu nne, na pembeni yake saa ya Kiswahili. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ujerumani ni saa mbili, kisha moja. Mwalimu wa Uingereza akipanga 10:00 mwezi wa Januari, kwetu ni saa saba mchana, na mkondo wa asubuhi umeshakwenda nyumbani. Kwa skuli zenye mikondo miwili, hilo linaamua ni darasa gani litakaloshiriki.

Wapelekeeni pia kalenda yetu: Ramadhani, inayowahi kwa takriban siku 11 kila mwaka, Ijumaa, ambayo ni fupi, na msimu wa karafuu, ambapo mahudhurio hupungua na hakuna anayetakiwa kuona haya kulisema.

Fedha na zawadi

Mkono mtupu haulambwi, na skuli ya Ulaya itataka kutuma kitu. Kubalianeni kwamba mwaka wa kwanza hakuna zawadi. Baada ya hapo, fedha yoyote ipitie akaunti ya skuli kwa kujulikana na kamati na ofisi ya elimu, kamwe isipitie simu ya mwalimu. Vifaa vilivyotumika, hasa kompyuta, vina gharama za bandari na usafiri hadi Mkoani, bandari yetu ya Pemba, ambazo wakati mwengine huzidi thamani yake. Ulizeni kwanza, na muwe tayari kusema hapana. Zawadi kwa skuli yetu isizidi ya skuli ya kambini, na vifaa vya kambini vipelekwe kwa shirika linalosimamia elimu.

Skuli ya kambini ikitoweka

Hili hutokea, na lipangiwe tangu mwanzo. Kambi hufungwa, kama ilivyofungwa Mtendeli wilayani Kakonko mwaka 2021. Familia hurejea makwao au hupelekwa nchi ya tatu. Mwalimu aliyekuwa na simu huondoka bila kuaga kwa kuwa gari limekuja alfajiri. Kwa hiyo kila mtoto wa kambini awe na nakala yake ya daftari la vitendawili na kamusi, iliyochapishwa au kuandikwa kwa mkono, isiyo na jina la kambi wala picha, ambayo anaweza kuitia begini. Skuli ya Pemba ihifadhi nakala ya sauti zote. Na wanafunzi wenu waambiwe mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba wiki moja kitendawili kinaweza kukosa jibu.

Ikifika wiki hiyo, msilifunge daftari. Andikeni tarehe chini ya kitendawili cha mwisho, acheni mistari mitupu, na muandike kwa ofisi ile ile ya UNHCR mliyoanza nayo.